Huu ndio: kisa cha Marburg, 1529

Kiswahili kimetuepusha na ugomvi mmoja. Mkate na mwili kwetu ni ngeli moja: mkate huu, mwili huu. Yesu anaposema "huu ndio mwili wangu", hakuna msikilizaji anayeuliza ni "huu" upi, maana vyote viwili vinaitikia. Katika Kigiriki cha Agano Jipya sivyo. Mkate una jinsia yake ya kisarufi, mwili una yake, na kiashiria kilichotumika, "touto", kinakubaliana na mwili. Mwaka 1524 Andreas Karlstadt, aliyewahi kufundisha chuo kimoja na Martin Luther pale Wittenberg, aliikamata tofauti hiyo ndogo akaijengea hoja nzima. Alisema Yesu alipotamka "huu" alikuwa akiuonyesha mwili wake mwenyewe, ule ulioketi mezani, wakati mkate umeshatoka mikononi mwake.

Hata waliokuwa tayari kumwunga mkono Karlstadt waliiona hoja hiyo dhaifu. Lakini inatuonyesha ugomvi ulikuwa wa aina gani: je, mwili wa Kristo umo kweli katika mkate wa Meza ya Bwana, kama Luther alivyosema, au mkate unaumaanisha tu? Watu waliokwisha kukubaliana kwamba Maandiko ndiyo mwamuzi wa mwisho walijikuta wanabishania kiashiria, kisha kitenzi, kisha nomino, katika sentensi ya maneno manne ya Kilatini: Hoc est corpus meum. Miaka mitano baadaye ubishi huo ulipelekwa kwenye ngome ya Marburg, Ujerumani, na hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua. Nimekichagua kwa sababu darasani kwa kipaimara swali la siku sita za uumbaji halikosekani, nami nimeona kwamba njia ya kulijibu inapita Marburg, ingawa pale hakuna aliyezungumzia uumbaji.

Kwa nini walikutana

Mwenyeji alikuwa Philip, mtawala wa Hesse, kijana wa miaka 24. Aprili mwaka huo, kwenye baraza la dola lililokaa Speyer, watawala waliofuata matengenezo ya kanisa walikuwa wameandika malalamiko rasmi kupinga uamuzi wa wengi, na jina la Waprotestanti lilitoka hapo. Kaisari Karl V alikuwa upande wa Roma. Waturuki wa Sultani Suleiman walikuwa wameizingira Vienna wakati huohuo. Philip aliona wazi kwamba Wajerumani wa Luther na Waswisi wa Zwingli, kiongozi wa matengenezo kule Zürich, wasipoungana watamezwa mmoja mmoja. Aliutaka muungano wa kisiasa, na kilichouzuia kilikuwa Meza ya Bwana.

Huldrych Zwingli aliitamani safari hiyo. Aliondoka Zürich usiku, kwa siri. Luther alikwenda kwa kusukumwa, na mwenzake Philipp Melanchthon alikwenda akiwa na hofu: kukumbatiana na Waswisi kungeweza kuharibu nafasi yoyote iliyobaki ya kuelewana na Kaisari. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba ngomeni mle walikuwemo wasomaji wa Biblia tu. Siasa iliwaleta wengine na siasa ileile iliwarudisha nyuma wengine.

Philip alijua kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Tarehe 1 Oktoba aliwagawa: Luther azungumze faraghani na Johannes Oecolampadius wa Basel, mtu mpole, na Zwingli akae na Melanchthon. Mjadala wenyewe ulianza kesho yake saa 12 asubuhi, wote wakiwa chumba kimoja.

Muhimu ni kukumbuka walichokubaliana kabla hawajakaa. Wote walikataa kwamba misa ni sadaka inayotolewa upya. Wote walikataa fundisho la Roma kwamba mkate unageuka kiini na kubaki na sura tu ya mkate. Wote walitaka waumini wapewe mkate na kikombe. Na wote walisema Maandiko yanatosha. Maana yake hapakuwa na papa wala mtaguso wa kuwaamulia. Walikuwa na kitabu kimoja tu, na kitabu hakijisomi.

Meza, chaki, kitambaa

Luther aliandika kwa chaki juu ya meza yale maneno manne, akayafunika kwa kitambaa cha mahameli. Alitangaza kwamba hatatoka kwenye maneno yale jinsi yalivyo. Anayetaka kumtoa alete andiko.

Zwingli alikuwa na hoja yake tangu zamani: "est" hapo lina maana ya "significat", yaani "inamaanisha". Hakuwa wa kwanza kulisema hilo, alilipata katika waraka wa Mholanzi Cornelis Hoen. Mwaka 1525, baraza la Zürich lilipokuwa likijadili kuondoa misa, karani mmoja alimpinga kwamba mifano yake yote ya "ni" yenye maana ya "inamaanisha" imetoka kwenye mafumbo, na fumbo linajulikana kuwa ni fumbo. Zwingli mwenyewe alisimulia kwamba usiku wa kuamkia Alhamisi Kuu aliota mtu anamkumbusha Kutoka 12:11, "ni pasaka ya Bwana", mahali pasipo na fumbo. Mwanakondoo hakuwa kitendo cha Bwana kupita juu ya nyumba za Waisraeli, alikikumbusha tu. Maadui walicheka kwamba mafundisho ya Zürich yametoka ndotoni. Ndoto au si ndoto, mfano ni mzuri.

Oecolampadius alifika palepale kwa njia nyingine. Aliliacha "ni" libaki "ni" akaiweka tamathali kwenye "mwili": mfano wa mwili wangu. Karlstadt kwenye "huu", Zwingli kwenye "ni", Oecolampadius kwenye "mwili". Luther hakuacha kuwadhihaki kwa hilo. Kama maana iko wazi kiasi hicho, mbona kila mmoja anaitafuta kwenye neno tofauti?

Siku mbili zilikuwa na vituko vyake. Zwingli alianza kunukuu Kigiriki, Luther akamtaka aseme Kijerumani au Kilatini. Zwingli alijitetea kwamba kwa miaka 12 amezoea kulisoma Agano Jipya kwa Kigiriki. Baadaye Zwingli alilitaja andiko lake kuu, Yohana 6:63, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu", na kumwambia Luther kwamba aya hiyo itamvunja shingo. Luther alikasirika: hapa ni Hesse, si Uswisi, shingo hazivunjwi kirahisi hivyo. Zwingli ilimbidi aeleze kwamba kwao huo ni msemo tu. Hebu fikiri. Katikati ya mjadala juu ya tamathali za usemi, mtetezi wa maana halisi alisikia msemo wa mwenzake akaupokea kama ulivyotamkwa.

Zwingli alipodai kwamba ni aibu kushikilia fundisho zito bila andiko la kulithibitisha, Luther alikinyanyua kile kitambaa na kuyaonyesha maandishi ya chaki. Andiko ndilo hili, bado hamjatunyang'anya, hatuhitaji jingine. Na aliposukumwa kuhusu faida ya kula mwili kwa kinywa, alijibu kwamba Mungu akimwamuru ale matufaa ya mwituni, au hata samadi, atakula. Amri ikitoka, mtumishi haulizi sababu.

Nani hasa alisoma neno kwa neno?

Kwa desturi kisa hiki husimuliwa hivi: Luther alisoma neno kwa neno, Zwingli alisoma kwa tamathali. Nami nilifundishwa hivyo. Ukizifuata hoja moja moja utaona si kweli, na hapa ndipo kisa kina utajiri wake.

Chukua Yohana 6:63. "Mwili haufai kitu." Zwingli aliusoma mwili kuwa mwili: nyama ya Kristo, ikiliwa kwa meno, haimfai mtu, kwa hiyo Yesu hawezi kuwa alituamuru kuila. Luther alijibu kwamba "mwili" hapo haumhusu Kristo kabisa. Ni akili ya kimwili ya binadamu, ile ya mtu wa kale asiye na Roho. Sasa nani kati yao amelishika neno na nani amelipindua?

Chukua tena kupaa. Imani ya Mitume inasema Kristo ameketi mkono wa kuume wa Baba. Zwingli na Oecolampadius walisema mwili wa kweli una mahali pake. Ukiwa mbinguni, hauko kwenye altare elfu moja Jumapili asubuhi, na Oecolampadius alikuwa na Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, wa kumtegemeza. Luther alikuwa ameshaandika kwamba mkono wa kuume wa Mungu si kiti kilichowekwa mahali fulani. Ni uweza wake, nao uko kila mahali. Ngomeni, walipomwuliza mwili mmoja utakuwaje sehemu nyingi, alikataa kuletewa hesabu, kwa kuwa Mungu yuko juu ya hesabu zote. Kwenye "mwili wangu" Luther ndiye anayeshika neno lilivyo. Kwenye "mkono wa kuume" ndiye anayesema tusilichukue kama kiti na mahali.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wasomaji wa neno kwa neno, na wote wawili walikuwa wasomaji wa tamathali. Walitofautiana aya ipi iwe nanga na ipi ivutwe na nanga hiyo. Kwa Luther nanga ilikuwa maneno ya usiku ule wa kusalitiwa, maana ni ahadi, na ahadi ikigeuzwa kuwa mfano muumini anaondoka mikono mitupu. Kwa Zwingli nanga ilikuwa kwamba Mungu ni Roho na Kristo ni mtu kweli, mwenye mwili kama wetu, usioweza kuenea kama hewa.

Luther hakukana kwamba Biblia imejaa tamathali. Alichosema ni kwamba anayedai kuna tamathali ndiye mwenye deni: aithibitishe hapahapa, katika sentensi hii. Kuthibitisha kwamba ipo kwenye sentensi nyingine hakutoshi. Zwingli aliona deni liko kwa Luther, kwa sababu jambo analodai linapingana na imani juu ya mwili wa Kristo na linapingana na macho ya kila mlaji. Hawakuwahi kukubaliana nani alete ushahidi. Kesi yoyote ikifika hapo hata hakimu hana la kuamua, na pale hakimu hakuwepo.

Tuirudie Biblia yetu ya Union. "Huu ndio mwili wangu." Wafasiri hawakuandika "huu ni". Waliandika "huu ndio", na kila mzungumzaji wa Kiswahili anausikia mkazo: huu hasa, wala si mwingine. Luther angefurahi. Lakini Yohana 15:1 katika Biblia hiyohiyo inasema "Mimi ndimi mzabibu wa kweli", na Yohana 10:9 "Mimi ndimi mlango", kwa mkazo uleule, na hakuna anayetafuta bawaba. Kisha 1 Wakorintho 11:25, "Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu". Kikombe hakiwezi kuwa agano, na hakuna anayebisha. Basi ndani ya maneno yaleyale ya karamu tunapita kutoka "ndio" inayobishaniwa hadi "ni" ambayo kila mtu anaisoma kama tamathali bila kusita. Sarufi inatufikisha mlangoni tu. Na katika Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, sentensi kama hiyo hukaa bila kitenzi chochote katikati: huu, mwili wangu. Kitenzi ambacho Zwingli alikifanyia kazi miaka mitano huenda hakikutamkwa.

Kutoka mezani hadi siku sita

Luther alipoanza kufundisha kitabu cha Mwanzo mwaka 1535, alishika msimamo uleule wa chaki. Siku sita ni siku sita. Usipoelewa, alisema, mwachie Roho Mtakatifu awe na elimu kuliko wewe. Aliyekuwa akimpinga hapo ni Augustino, ambaye mwanzoni mwa karne ya 5 aliandika kitabu kirefu cha kumfafanua Musa "kwa maana halisi", na humohumo akafikia uamuzi kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na siku zile si siku kama zetu. Jua lenyewe limeumbwa siku ya nne. Kwa Augustino, kusoma kwa maana halisi kulikuwa kutafuta kilichotokea kweli, hata kama siku itabidi iwe kitu kingine.

Calvin, mrithi wa upande wa Waswisi, alifafanua Mwanzo mwaka 1554 akafika kwenye "mianga miwili mikubwa". Alijua kwamba wanajimu wameonyesha kuwa sayari ya Zohali (Saturn) ni kubwa kuliko mwezi. Hakumkosoa Musa wala hakuwakosoa wanajimu. Musa, alisema, alizungumza na watu wa kawaida, akaeleza kile jicho linachokiona. Calvin huyohuyo aliamini siku sita. Lakini alikuwa ameshatoa ufunguo ambao wengine wangeutumia kufungua mlango ambao yeye hakuufungua.

Sasa tazama tulivyo leo, maana mambo yamegeuka chini juu. Mkatoliki anaamini kwamba mkate umegeuka kuwa mwili wa Kristo, kama Mtaguso wa Trento ulivyothibitisha mwaka 1551, lakini hafungwi kuamini siku sita za saa 24. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze suala la mwili wa binadamu kutokana na viumbe waliotangulia, ilimradi roho ikiriwe kuwa imeumbwa na Mungu. Mbatisti na Mpentekoste wengi watakuambia siku sita ni sita kweli, ukifika mezani watakuambia mkate ni ukumbusho. Msabato anazishika siku sita kwa nguvu zaidi, kwa sababu Kutoka 20:11 inaiegemeza Sabato juu yake. Ukiilegeza siku ya kwanza, ya saba nayo inalegea. Mkate kwake ni alama. Lakini kabla ya alama hiyo anamwosha ndugu yake miguu, kwa sababu Yohana 13:14 inasema "imewapasa vivyo kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi", na amri ni amri. Mlutheri, anayemkumbusha kila mtu kwamba "ndio" ni "ndio", anaisoma aya hiyo kama somo la unyenyekevu, anabaki na viatu vyake.

Sisemi haya kwa kumcheka yeyote. Mimi ni huyo wa viatu. Nasema kwamba ukimsikia mtu akijisifu kuwa kanisa lao linasoma Biblia "jinsi ilivyoandikwa", muulize tu nanga yao ni aya ipi. Kijana mmoja wa darasa aliponibana kuhusu siku sita nilimwuliza kuhusu miguu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, ile ni tofauti." Nami ningesema hivyohivyo. Kwa nini ni tofauti, hilo ndilo somo lenyewe, na tulilitumia Jumamosi mbili.

Walivyoachana

Homa ya jasho, ugonjwa uliokuwa ukiua haraka, ilifika Marburg na kuukatiza mkutano. Philip hakutaka waondoke mikono mitupu, kwa hiyo Luther aliandika vifungu 15. Katika 14 walikubaliana: Utatu, Kristo, dhambi ya asili, imani, ubatizo na mengineyo. Hata cha 15, cha Meza ya Bwana, walikubaliana sehemu kubwa. Kilichobaki ni kama mwili na damu ya kweli vimo kimwili katika mkate na divai. Waliahidi kwamba kila upande utauonyesha mwingine upendo wa Kikristo kadiri dhamiri itakavyoruhusu, wakatia sahihi.

Zwingli, machozi yakimtoka, aliomba wahesabiwe ndugu. Luther alikataa. Martin Bucer wa Strassburg, aliyekuwa upande wa Waswisi, aliambulia kwa Luther yale maneno yanayokumbukwa kuliko yote ya siku zile, kwamba wao wana roho nyingine. Nimejaribu mara nyingi kumtetea Luther hapo, nimeshindwa. Hoja zake kuhusu ahadi naziona zina uzito. Lakini mtu mliyekubaliana naye vifungu 14 na nusu kumwambia ana roho nyingine ni kusoma moyo, na moyo hauna maandishi.

Muungano wa Philip haukuwahusisha Waswisi. Zwingli aliuawa vitani Kappel tarehe 11 Oktoba 1531, na Oecolampadius alifariki mwezi uliofuata. Luther aliona katika kifo cha Zwingli hukumu ya Mungu.

Kwa karne nyingi waliowarithi hawakushiriki meza moja, isipokuwa pale mtawala alipoamua, kama mfalme wa Prussia alivyowaunganisha Walutheri na Wareformed (warithi wa Zwingli na Calvin) wake mwaka 1817. Mchanganyiko huo ulifika hata kwetu: wamisionari wa Bethel waliofanya kazi Usambara na Bukoba walitoka katika kanisa hilo la muungano, wakati wale wa Leipzig waliokwenda Kilimanjaro walikuwa Walutheri wasiotaka mchanganyiko. Leo wote ni KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na katekisimu inayokaririwa ni ile ndogo ya Luther, iliyotoka mwaka uleule wa 1529.

Ulaya ilichukua miaka 444. Machi 1973, huko Leuenberg karibu na Basel, mji wa Oecolampadius, makanisa ya Kilutheri na Kireformed yalikubaliana kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Yalitamka kwamba katika karamu hiyo Kristo mfufuka anajitoa mwenyewe, katika mwili wake na damu yake vilivyotolewa kwa ajili ya wote, kwa neno lake la ahadi, pamoja na mkate na divai. Luther angelitambua neno "ahadi", na Zwingli angepumua kidogo alipoona "pamoja na". Kile kitenzi cha chaki hakimo katika sentensi hiyo.